Mlango Uliovunjwa Kibokoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo cha Polisi, Mji wa Kale, Mombasa
Tarehe: Jumatatu, 17 Februari 2025, kuanzia saa 3.10 asubuhi
Jina: Ronald Ngowa Mwaringa
Umri: Miaka 58
Kazi: Mwandishi wa habari
Makazi: Majengo, Mombasa
Kuhusu: Dishon Omwenga, anayezuiliwa kwa madai ya kuvunja nyumba na kumdhuru Areej Salem Badawi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewahi kutoa maelezo polisi na ushahidi mahakamani, na naelewa uzito wa ninachokisema. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Jana jioni Dishon Omwenga alipigwa na kukamatwa mbele ya macho yangu, na nilipojaribu kueleza alikuwa akifanya nini pale, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Koplo ameniomba nianze na mchezo wenyewe, kwa sababu bila huo mambo mengine hayaeleweki.

Mchezo huo wachezaji wanauita Mwezi wa Chuma. Unachezwa kwa kompyuta kupitia mtandao, kati ya watu walio miji mbalimbali. Kila mchezaji ana askari wake aliyevaa deraya, mwenye bunduki ya miale na mitungi ya moto mgongoni inayomwezesha kuruka. Vita vinapiganwa ndani ya chombo kikubwa kilichoharibika angani. Timu ina watu wanne. Askari akiuawa, mwenyewe hukaa nje mpaka raundi iishe. Wachezaji wa timu moja husikizana kwa hedifoni zenye kipaza sauti, hata kama kila mmoja yuko nyumbani kwake.

Jambo moja ni muhimu. Mchezaji akiinuka na kuiacha kompyuta yake, askari wake hatoweki. Husimama pale pale alipoachwa, na adui yeyote anaweza kumpiga.

Timu ninayoizungumzia ina watu hawa. Dishon Omwenga ndiye kapteni. Ana miaka ishirini na saba na ni karani katika bohari ya makontena. Beryl ni mwanafunzi wa chuo. Amin ni fundi wa simu Majengo. Hao watatu huchezea katika chumba alichokodi Dishon ghorofa ya pili, Ganjoni. Wa nne ni Areej Salem, miaka ishirini na tatu, wa Kibokoni. Yeye huchezea kwao, peke yake. Kukaa katika chumba kile na vijana wa kiume haikuwezekana kwake, na hakuna aliyewahi kumwomba. Aliingia timu kupitia kwa Badria, mke wa Amin, ambaye alisoma naye. Dishon na Beryl hawakuwahi kumwona uso wala hawakuijua nyumba yao. Mimi pia. Nilikuwa nikienda pale Jumapili nne mfululizo kuandika makala juu yao, na nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa na mzaha. Dishon akijitupa ovyo kwenye mapigano humwambia, "Kapteni, ukifa leo sikulilii. Nachukua bunduki yako naenda zangu."

Timu ina kaida yake. Dishon na Beryl ni Wakristo, Amin na Areej ni Waislamu, na mechi hupangwa na watu wa mbali wasiojua saa za adhana wala za misa. Kwa hiyo wamekubaliana kwamba wakati wa swala ukiingia katikati ya mechi, mwenye kuswali huondoka bila kuaga. Waliobaki humzunguka askari wake na kumlinda mpaka arudi. Mechi ikiangukia Jumapili asubuhi, Amin na Areej huwalinda wenzao walioko kanisani. Hilo wanaliita kushika zamu. Nilimuuliza Amin wiki ya kwanza kama hawapigiani simu mtu anapochelewa. Alinijibu, "Mzee Ngowa, mtu hapigiwi simu akiwa mbele ya Mola wake." Niliyaandika maneno hayo, nikayawekea alama.

Mnamo tarehe 16 Februari 2025, siku ya Jumapili, nilifika Ganjoni yapata saa nane mchana. Kulikuwa na mechi ya kuingia fainali dhidi ya timu ya Dar es Salaam. Dishon alinipa hedifoni nisikilize. Areej alikuwa tayari hewani. Alisema wazazi wake wamekwenda arusini na yuko peke yake, na kwamba leo kwa mara ya kwanza ataweza kupiga kelele atakavyo.

Muda mfupi baada ya saa tisa, sauti ya Areej ilikatika na askari wake akasimama. Dishon aliweka mkono kichwani. Baada ya dakika chache Areej akarudi.

"Stima imekwenda mtaa mzima," alisema. "Nimewasha jenereta."

Dishon akamuuliza, "Iko wapi? Naisikia kama iko mgongoni mwako."

"Iko ukumbini, nje ya chumba. Huwekwa darini, lakini jirani ana mgonjwa, kelele zamuumiza. Nimefunga madirisha pia, msikiti uko ubavuni, adhana ikianza hamtanisikia."

"Kwa joto hili?"

"Kapteni, wacheza ama wapima hali ya hewa?"

Beryl alicheka. Mimi pia nilicheka. Sote wanne tuliokuwa kwenye hedifoni tuliyasikia maneno hayo, na mechi ikaendelea.

Kiasi cha robo saa baadaye Areej alisema kichwa kinamuuma. Amin alimwambia ni joto, anywe maji. Akasema maji yako jikoni na miguu yake mizito. Amin akamwambia, "Uvivu huo, dada." Hakujibu. Katika raundi hiyo aliwapiga askari wawili wa Dar es Salaam kwa mfuatano, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria kama mgonjwa.

Saa tisa na dakika hamsini adhana ya alasiri ilisikika. Ilisikika mara mbili, kwanza kutoka dirishani kwetu Ganjoni, halafu kwenye hedifoni kutoka kwa Areej, hafifu, kwa vile madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Amin aliinuka akaenda kuswali chumba cha nyuma. Kwenye hedifoni nilisikia kitu kikianguka au kikiwekwa chini. Nilidhani ni hedifoni ya Areej ikiwekwa mezani. Askari wake akasimama katikati ya ukumbi mkubwa wa kile chombo, uso umeelekea ukutani.

Dishon alisema, "Zamu."

Yeye na Beryl waliwaleta askari wao, mmoja mbele na mmoja nyuma ya wale wawili waliosimama. Raundi ya mwisho ilikuwa imeanza, kwa hiyo walikuwa wawili dhidi ya wanne. Watu wa Dar es Salaam walianza kuwaandikia kwenye skrini. Mmoja aliandika, "Oya Mombasa, mnalinda sanamu?" Mwingine akaandika, "Huyo dada yenu kalala? Mpeni uji."

Beryl akawajibu, "Njooni mumwamshe."

Amin alirudi baada ya dakika kama kumi, akajiunga. Akauliza, "Areej bado?" Dishon akamwambia, "Bado." Amin akasema, "Muache, ana dua zake." Walishambuliwa mara tatu. Mara ya pili askari wa Beryl aliuawa akiwa amejitupa mbele ya askari wa Areej. Beryl aliivua hedifoni, akasimama nyuma ya kiti cha Dishon na mikono mdomoni. Nilimwambia Dishon kwamba wangeweza kumwacha Areej, wakajificha, wakashinda kwa urahisi. Alinijibu bila kugeuka, "Haachwi mtu."

Niliandika hilo pia. Nilijiambia hapo kwamba habari yangu nimeipata.

Raundi ilimalizika kwa muda kwisha. Dar es Salaam walikuwa wamebakiwa na askari wawili, Mombasa watatu, akiwemo wa Areej ambaye hakuguswa na hata risasi moja. Walikuwa wameingia fainali. Amin alipiga meza. Dishon alisema kwenye kipaza sauti, "Areej, ukirudi utakuta umeshinda ukiwa kwenye mswala." Wakacheka. Ilikuwa imekaribia saa kumi na nusu.

Wakati huo Badria, mke wa Amin, aliingia na sinia la viazi vya karai na mtoto mgongoni. Alitazama skrini, akauliza, "Mbona Areej kasimama?"

Amin akamwambia, "Yuwaswali."

"Nani?"

"Areej. Tangu adhana."

Badria aliliweka sinia chini. Alisema, "Areej hana swala juma hili."

Amin akamuuliza amejuaje. Badria akamjibu, "Wataka nikwambie nimejuaje, mbele ya watu?" Sisi wanaume tulichukua muda kuelewa. Beryl alielewa kwanza. Mwanamke wa Kiislamu haswali akiwa katika siku zake.

Badria alipiga simu ya Areej. Sisi wanaume tulikuwa bado na hedifoni. Tuliisikia simu yake ikilia. Ilikuwa inalia chumbani kwake, karibu na kipaza sauti, na nyuma yake jenereta ilikuwa ikinguruma. Iliita mpaka ikakata. Badria akapiga tena. Tukaisikia tena. Nimefanya kazi hii kwenye ajali za feri, kwenye moto, kwenye maiti zilizotolewa baharini, na sijawahi kusikia kitu kama kile. Alikuwa masikioni mwetu muda wote.

Dishon alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Jenereta." Kisha akamuuliza Badria nyumba iko wapi.

Tuliteremka watu watatu, Dishon, Badria na mimi, tukachukua tuktuk. Beryl alibaki akitafuta ambulensi kwa simu. Amin alibaki kwenye kipaza sauti akimwita Areej jina lake, ili kama anasikia ajue tunakuja. Ndani ya tuktuk Badria alikuwa akimpigia mamake Areej. Simu haikupokelewa. Arusini ngoma zinalia, mtu hasikii simu iliyo mkobani.

Tuktuk ilitushusha mwanzo wa kichochoro kwa sababu haiwezi kupita zaidi. Badria alimwonyesha Dishon kwa mkono: mlango wa buluu, baada ya fundi cherehani, mkono wa kushoto. Dishon akakimbia. Badria alikuwa na mtoto mgongoni, na mimi nina goti bovu, kwa hiyo tulibaki nyuma. Ninasisitiza hili. Dishon alifika peke yake kwa sababu hiyo tu.

Yaliyotokea ndani sikuyaona. Amin ameniambia aliyasikia kwenye hedifoni, na atayaeleza mwenyewe akiitwa. Mimi nasema niliyoyaona. Tulipofika, mlango wa buluu ulikuwa wazi na mnyororo wa ndani umeng'oka pamoja na kipande cha ubao. Moshi haukuonekana, ila harufu ya petroli iliyoungua ilikuwa nzito mpaka nje barazani. Kelele ya jenereta ilikuwa imekoma. Dishon alikuwa akishuka ngazi na Areej mikononi. Alikuwa akiyumba, na alijigonga ukutani mara mbili. Areej alikuwa amevaa dera la nyumbani, kichwa wazi, nywele zimening'inia. Uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka mbio. Nilidhani ni dalili njema. Daktari aliniambia jana usiku kwamba sivyo, hewa ya sumu ya jenereta ndiyo humfanya mtu awe mwekundu hivyo.

Mlangoni walikuwa wamekusanyika watu kama kumi, waliosikia mlango ukivunjwa. Walichokiona ni mwanamume mgeni akitoka na msichana wa watu asiye na fahamu.

Mmoja alimuuliza, "Wewe nani kwa huyu?"

Dishon akasema, "Mwenzangu. Tuko timu moja. Nipisheni apate hewa."

"Timu gani, na mtoto wa Sheikh Salem ndani ya nyumba yao?"

Akapigwa kofi, halafu ngumi, halafu sikuweza kuhesabu. Hakurudisha hata mara moja. Angerudisha angelazimika kumwachilia Areej, na hakumwachilia. Alipiga magoti, akamlaza barazani taratibu, akamwinamia ili mateke yamwingie yeye mgongoni. Nilipiga kelele kwamba mimi ni mwandishi na namfahamu huyu kijana. Mtu alinisukuma nikaanguka. Badria alifungua leso aliyombebea mtoto, akamkabidhi mama mmoja yule mtoto, akapenya katikati ya wanaume wale na kumfunika Areej kuanzia kichwani. Aliwaambia, "Mimi ni Badria, nimesoma na huyu. Jenereta iko ndani. Pandeni mkanuse wenyewe, kisha mrudi mumpige." Wawili walipanda. Walirudi upesi wakikohoa, na kipigo kikapungua.

Wakati huo Mzee Salem Badawi, babake Areej, alifika kutoka arusini akiwa bado amevaa kanzu na kilemba. Alimwona bintiye chini na Dishon juu yake. Alimshika Dishon shingoni akamuuliza, "Umemfanya nini mwanangu?"

Dishon alikuwa na damu mdomoni. Alisema, "Mzee, nimechelewa. Nisamehe, nimechelewa."

Nafahamu kwamba maneno hayo yameandikwa kituoni kama kukiri kosa. Nilikuwa karibu kuliko yeyote na niliyasikia kwa ukamilifu wake. Hakusema kingine, na alikuwa na maana hiyo hiyo aliyoisema.

Ambulensi iliyoitwa na Beryl ilifika mwanzo wa kichochoro. Areej alibebwa mpaka pale kwa mikono ya majirani, wale wale. Askari wa doria walifika wakamchukua Dishon. Hakupelekwa hospitali. Naomba iandikwe kwamba alikuwa amevuta hewa ile ile, na kwamba jana saa mbili usiku, nilipokuja kumwona hapa kituoni, alikuwa akitapika.

Nimeulizwa kama Dishon na Areej walikuwa na uhusiano wa siri. Nimewasikiliza kwa Jumapili nne, saa tatu au nne kila mara. Sikusikia neno lolote ambalo Mzee Salem asingeweza kulisikia akiwa amekaa katikati yao. Ni kweli kwamba mzee hakujua bintiye anacheza na vijana wa kiume. Alijua ana kazi ya kompyuta. Hilo ni lao, mimi si mtu wa kuliingilia, ila nasema kwamba katika chumba kile Areej aliheshimiwa.

Nimeulizwa kama Dishon angeweza kufika mapema zaidi. Ndiyo. Sote tungeweza. Kati ya adhana na simu ya Badria zilipita dakika arobaini, na katika dakika hizo watu watatu walipigana kwa nguvu zao zote kumlinda.

Nimeulizwa kwa nini mimi, mtu mzima na mzoefu, sikutia shaka. Nimelifikiria swali hilo tangu jana. Walikuwa wakifanya jambo jema, nami nililiona ni jema, na mtu hatafuti kosa ndani ya jambo kama hilo.

Areej yuko chumba cha wagonjwa mahututi tangu jana jioni. Nimetoka huko saa moja asubuhi. Mamake amekaa nje ya mlango na Badria yuko naye. Sijaruhusiwa kumwona, wala sikuomba.

Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyasikia nimeyataja kuwa ni ya kusikia. Nimesomewa yote kwa Kiswahili. Hakuna nilicholazimishwa kuongeza wala kupunguza.

(Sahihi) R. N. Mwaringa

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, kwa hiari yake. Saa 4.40 asubuhi, kabla hajatia sahihi, kituo kilipokea simu kutoka hospitalini kwamba Areej Salem Badawi amefariki dunia. Nilimjulisha shahidi. Nilimuuliza kama kuna sehemu angependa kuibadilisha. Alisema hakuna. Aliomba kalamu, akatia sahihi.

Saa 5.15 mlalamikaji, Salem Badawi, alifika kituoni akiwa na nduguze wawili. Aliomba asomewe maelezo ya shahidi. Kwa idhini ya mkuu wa kituo nilimsomea yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Aliniomba nirudie sehemu ya baraza, pale mshukiwa alipomwinamia bintiye. Nikarudia.

Baadaye alisema anaondoa malalamiko yake. Nilimweleza kwamba kuna taratibu, na kwamba kifo chenyewe bado kinachunguzwa. Alisema taratibu anazielewa, anachoomba ni Dishon Omwenga aachiliwe mapema, kwa kuwa maziko ni leo kabla ya magharibi. Nduguye mmoja alimkumbusha kwamba kijana huyo si Mwislamu. Mlalamikaji alijibu, "Najua. Ndiye aliyemtoa ndani jana. Leo mwanangu anatoka tena, na atakayetangulia kushika jeneza mlangoni ni yeye."

Mshukiwa amepelekwa kwanza kwa daktari.

(Sahihi) Koplo Jacinta Auma